Ukuta Uliovalishwa Soksi

Vijana, mkitaka kujua jinsi rangi ya mafuta inavyoshika kwenye saruji, msimuulize mwenye duka la rangi. Niulizeni mimi. Niliipaka kwa siku tatu, nikaibandua kwa miezi saba.

Nawaandikia ninyi mnaowatembeza wageni kwenye ukumbi wetu, mnaovaa fulana zenye picha ya ule ukuta kifuani. Mara mbili nimejichanganya na wageni wenu, nikatembea nyuma kama mtu asiyejua lolote, nikawasikiliza hadi mwisho. Mnaeleza vizuri, na mengi ni kweli. Lipo moja ambalo si kweli. Nitalifikia, ila mnivumilie, maana mtu aliyeacha shule darasa la tano hakufundishwa kwenda moja kwa moja.

Tena niwaambie kwa nini niliacha. Kwetu ni Kolo, kule Kondoa, karibu na miamba yenye michoro ya watu wa kale. Siku moja nilimuuliza mwalimu: ile rangi waliichanganya na nini hata mvua zote hizi zisiioshe? Mwalimu akasema, "Issa, nenda ukawaulize." Darasa likacheka. Mimi nikachukua daftari langu, nikaenda. Sikurudi tena. Nimekuwa utingo wa lori, nimeswaga ng'ombe kwenye josho kule Mpwapwa, nimenunua alizeti Chemba, nimechimba visima vilivyokosa maji. Popote nilipofika niliuliza maswali, na majibu yakiisha, niliondoka.

Kwa Fundi Ndahani majibu hayakuisha.

Nilimkuta kwa sababu ya mafuta ya kula. Lori letu lilisimama Dodoma kupoza injini, nikamwona Mgogo mrefu, masikio yametobolewa, amechuchumaa mbele ya rundo la mchanga, anapaka mafuta ya alizeti ndani ya kalibu ya mbao.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini mbao unaipaka mafuta ya kula?"

"Marahaba. Wewe ukila ugali mkavu haukukwami?"

Akaendelea kupaka. Nikachuchumaa kutazama. Lori likaondoka bila mimi.

Alikuwa anafyatua matofali ya matundu, moja moja, kwa ajili ya ukumbi mpya. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, wakati kitu chochote cha saruji kilikuwa habari njema. Ukuta wote wa mbele ungekuwa wa matofali hayo, na ulipokamilika watu wakauita Sega, kwa kuwa ulifanana na sega la asali lililosimamishwa wima. Michoro ilikuwa ya mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo. Inasemekana alikuja Dodoma mwezi wa nane, akatazama mbingu, hakuona wingu hata moja, akaamua kwamba huku mvua hainyeshi. Akachora paa bapa. Mwezi wa kwanza uliofuata kiongozi mmoja alihutubia ndani ya ukumbi huo akiwa ameshikiwa mwavuli.

Matundu nayo yalichorwa ili yapitishe upepo, na kweli yaliupitisha. Lakini upepo wa Dodoma hauji mikono mitupu. Huja na shamba la mtu. Kwenye harusi za Sega tulikula pilau iliyokwaruza meno, na bibi harusi alitoka mle na nyusi za rangi ya udongo. Watu wakaziba matundu kwa magazeti. Kwa hiyo mnapowaambia wageni kwamba "wananchi waliupenda ukumbi huu tangu mwanzo", mimi hukohoa kidogo. Tuliusema vibaya kwa miaka ishirini na ushei. Mapenzi yalianza siku tuliyosikia unauzwa.

Lakini kufyatua, hapo Fundi hakuwa na mzaha. Sikilizeni, hili litawafaa hata kama mashine zimejaa siku hizi. Mchanga tuliutoa korongoni. Unauminya mkononi, unautupa, unatazama kiganja: kama kimebaki na tope, mchanga huo uoshwe kwanza au urudi ulikotoka. Ndani yake tulitia chenga za mawe meupe, tulizozigonga wenyewe kwa nyundo. Mchanganyiko hautakiwi kuwa na maji mengi. Unafumba ngumi, unafumbua: donge lisimame na alama za vidole vyako, na kiganja kisilowe. Tofali likitoka kwenye kalibu, Fundi alilisugua uso kwa brashi na maji kidogo, chenga nyeupe zikachomoza, likameta kama chumvi. Halafu linalazwa kivulini na kufunikwa magunia yaliyolowa kwa siku saba. Hapo ndipo vijana wengi hushindwa.

"Saruji haikauki, Mrangi wee," alikuwa akiniambia. "Inakunywa. Ukiinyima maji inakufa kwa kiu, na hailalamiki mpaka mwaka wa tatu, wewe umeshahama."

Nilimwamini kwa masikio tu. Siku moja alikwenda msibani, akaniachia kazi. Nikataka arudi akute nimefanya maajabu. Nikafyatua matofali arobaini, nikayaanika juani ili yakauke haraka, magunia nikayatandika chini nikalala juu yake. Aliporudi alipita akiyagonga kwa kidole, tofali moja baada ya jingine, ameinamisha sikio kama daktari. Mengi yalikuwa na ufa.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alinifanya niyabebe yote kichwani hadi kwake, nikipita katikati ya soko, safari baada ya safari. Wanawake wa sokoni wakaniuliza, "Kaka, unahamia wapi na nyumba yako kipande kipande?" Kisha akaniamuru nimjengee banda la kuku kwa matofali hayo hayo.

"Kuku hawajui ufa," akasema. "Ila wewe utaujua kila ukija kunisalimia."

Na kila nilipokuja niliujua. Banda lile lilikuwa na ukuta wa kisasa kuliko nyumba ya mwenye kuku.

Sasa nirukie miaka ya ruksa. Ninyi mmeikuta hali imeshazoeleka, lakini sisi tulitoka kwenye foleni ya sabuni tukaingia madukani tukakuta rangi za makopo za kila aina, vigae vinavyong'aa, vioo vya buluu, mabomba ya kila unene. Tulikuwa kama watoto waliofunguliwa kabati. Mimi nilikuwa nimerudi Dodoma kutoka kwenye tangatanga zangu, nikajiita fundi vigae. Kila aliyekuwa na sakafu ya terazo, ile iliyosuguliwa kwa jiwe na maji wiki nzima hadi ukajiona uso, aliniita niifunike kwa vigae vyenye picha ya maua. Niliifunika. Aliyekuwa na tofali la matundu aliniita nizibe, niweke dirisha la aluminiamu. Niliziba.

Ndiyo maana Mwalimu Perpetua alipoanzisha kamati ya kuhifadhi majengo ya zama za uhuru, mtu wa kwanza kumwita alikuwa mimi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, na alikuwa na daftari alimoandika kila jengo la miaka ile: nani alijenga, nani alichanganya saruji, nani alianguka kwenye jukwaa.

"Issa," akaniambia, "wewe ndiye unayeyajua majengo haya kuliko wote."

"Ni kweli, Mwalimu. Mengi nimeyafunika mwenyewe."

"Basi utatuonyesha yalipo."

Kilichomchoma Mwalimu ni Sega. Afisa mmoja wa mji alikuwa ameshasema waziwazi kwamba kiwanja kitauzwa, ukumbi utabomolewa, patajengwa maduka ya vioo. Mwalimu akaandika barua mpaka wino ukaisha. Mwishowe akapata ahadi moja: mama mmoja msanifu wa majengo atakuja kutoka Dar es Salaam, ataukagua kwa siku moja. Akiandika kwamba jengo lina thamani ya kuhifadhiwa, uuzaji utasimamishwa. Asipoandika, tingatinga.

Na kilichonichoma mimi ni Fundi Ndahani. Alikuwa amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Kila asubuhi alitembea na fimbo yake kutoka kwake hadi Sega, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwenye matofali, akiota jua. Nilimuuliza siku moja kwa nini asihamie kwa wanawe mjini Mwanza.

"Wanangu wameondoka," akasema, akiugonga ukuta kwa kisogo. "Huyu ndiye aliyebaki nyumbani. Nimwache na nani?"

Kwa hiyo nilimwahidi. Nilisema, "Mzee, ukuta huu hautavunjwa nikiwa hai." Mtu mwenye begi lake tayari mlangoni hatakiwi kutoa ahadi za namna hiyo, lakini niliitoa.

Ikabaki wiki moja mgeni aje. Fundi alikuwa amekwenda Mpwapwa kumwona dada yake mgonjwa. Kamati ikakaa. Vijana, ninyi ni watu wa nchi hii, mnajua mgeni rasmi akija kinafanyika nini. Barabara inafagiliwa hadi udongo unaona haya. Mawe ya kandokando yanapakwa chokaa. Hospitali inapata mashuka. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuonyeshwa kitu kilivyo. Basi katika kamati ile ya kuhifadhi majengo ya zamani, watu kumi na wawili wazima wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna haja ya kupaka rangi. Tulichojadili ni rangi gani.

"Maziwa," akasema Mwalimu.

"Na buluu chini," nikasema mimi, mtaalamu. "Na iwe ya mafuta, Mwalimu. Ya maji itachujuka, mgeni atatudharau."

Watu walijitolea makopo. Nilipaka kwa siku tatu, na sikupaka ovyo. Niliingiza brashi ndani ya kila tundu. Matofali mia nane na zaidi, kila moja na matundu yake. Ukuta ukang'aa kama sinia. Watoto wakaja kujitazama. Nilipomaliza niliketi upande wa pili wa barabara, nikajiambia kwamba katika maisha yangu ya kuhangaika, hii ndiyo kazi safi kuliko zote.

Fundi alirudi jioni moja kabla ya mgeni. Alishuka kwenye basi akaja moja kwa moja, akakaa mahali pake, akaegemea. Kisha akageuka, akaweka kiganja ukutani, akakipeleka juu, akakirudisha chini.

"Nani amemvalisha huyu soksi?"

Mwalimu alikuwapo, na mimi, na nusu ya kamati. Tukatazamana.

"Ni Issa, mzee," akasema Mwalimu, mwenyekiti wetu shujaa.

"Tumepaka kwa ajili ya mgeni, Fundi," nikasema.

"Mgeni anakuja kutazama nini?"

"Ukuta."

"Uko wapi?"

Fundi alichukua fimbo yake. "Wewe umezaliwa Kolo," akaniambia. "Kuna mtu kwenu alipanda mwambani na kopo, akasema, jamani wageni wanakuja, tuwapake upya hawa twiga?"

Ni kweli hakuna. Nilikuwa nimetoka shule kwa ajili ya swali la rangi inayodumu, na miaka yote hiyo baadaye ndiyo kwanza nikaelewa jibu lake nusu: hakuna aliyeigusa.

Kesho yake mgeni akaja. Mama mtu mzima, viatu vya kutembelea, kamera shingoni. Tulikuwa na ngoma, tulikuwa na wimbo, na yule afisa wa mji alikuwapo ndani ya suti. Mgeni alisalimia wote, akasimama mbele ya Sega, akaushusha mkoba wake taratibu.

"Ukumbi wa zamani uko wapi?" akauliza.

"Ndio huu, mama," akasema Mwalimu.

"Huu?"

"Tumeupendezesha kwa ajili yako."

Mgeni alikaribia, akakwaruza buluu yangu kwa ukucha. Haikutoka. Nilikuwa nimeipaka mikono miwili, rangi juu ya rangi.

"Ndugu zangu," akasema kwa upole ambao uliuma kuliko matusi, "nilikuja kumwona bibi. Mmenionyesha bibi harusi. Sasa nitaandika nini? Siwezi kusema chini ya rangi kuna nini. Karatasi nilizonazo zinasema matofali yaliletwa tayari kutoka nje. Kama ni hivyo, yapo mengi ya namna hii pwani."

Afisa alitazama saa yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba kabla ya chakula.

"Mama umechoka na safari," akasema. "Tule kwanza, halafu tukusindikize."

Chakula kilikuwa nyumbani kwa Fundi, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu. Ugali wa uwele, mlenda, na kuku. Mgeni akaomba maji ya kunawa, akaelekezwa nyuma ya nyumba. Tukakaa kumsubiri. Ugali ukapoa. Mwalimu akanituma nikatazame kama amepatwa na neno.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye mavi ya kuku.

"Haya yametoka wapi?" akaniuliza bila kugeuka. Kiganja chake kilikuwa juu ya tofali la banda, anakipeleka juu na chini, vile vile kama Fundi jana yake.

Nilitamani niseme sijui. "Ni yale yale ya ukumbi, mama. Ila haya ni mabovu. Yana ufa."

"Nani aliyatengeneza?"

Nyuma yangu fimbo ikagonga chini. "Mbukwenyi," akasema Fundi, salamu ya kwao, kana kwamba ndiyo kwanza mgeni amefika. "Hayo aliyaharibu huyu. Mazuri niliyafyatua mimi."

"Hapa hapa Dodoma?"

"Unataka niyafyatue wapi? Mchanga ni wa korongo lile. Mawe meupe tuligonga. Issa, ingia ndani, chini ya kitanda."

Nikatoa kalibu. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga kuukuu, mbao ya mninga iliyokuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka. Mgeni akaipachika juu ya tofali la banda. Ikaingia bila kubakiza hata upenyo wa wembe. Kisha akaweka jicho kwenye ufa, ule ufa wangu, akaona ndani: mchanga wa korongo na chenga nyeupe tangu usoni hadi katikati. Akapiga picha. Alipiga picha nyingi za banda la kuku kuliko alizopiga za ukumbi, na jogoo mmoja ametokea katika nyingi.

"Ingekuwa hukuyaharibu," akaniambia akijifuta magoti, "yangekuwa ukutani, na ungeyapaka rangi."

Ndivyo Sega ulivyopata barua yake. Ilisema kwamba ukuta ni kazi ya mikono ya mafundi wa hapa, kwamba ushahidi umepatikana katika banda la kuku la fundi mwenyewe, na kwamba uuzaji usimame, kwa sharti moja: ukuta urudishwe ulivyokuwa kabla ya mwaka kuisha. Afisa alituletea nakala mwenyewe. Akautazama ukuta, akanitazama.

"Mwaka ni mfupi, fundi," akasema, na akaenda zake akipiga mluzi.

Begi langu lilikuwa mlangoni kweli. Kulikuwa na jamaa Chemba akinisubiri kwa msimu wa alizeti. Nikalifungua, nikatoa nguo.

Rangi ya mafuta haitoki kwa kuomba radhi. Nilianza na moto: tofali moja likalia na kupasuka, nikaacha. Asidi ikala saruji ikaacha rangi. Brashi ya waya peke yake ilinipa matofali mawili kwa siku. Aliyeniokoa ni mama mmoja mpika sabuni. Alinifundisha kutumia kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, lakini kostiki ni maji, inatiririka ukutani na kukuunguza miguu. Basi nikapika uji. Uji mzito wa mahindi, unapoa, unatia kostiki kidogo kidogo, unapaka kwa mti wenye kitambaa, unasubiri mpaka rangi ikunjamane kama ngozi ya maziwa. Halafu unaibandua kwa kijiti, unasugua, unaosha kwa maji mengi, unapitisha siki, unaosha tena. Mvae glovu. Hiki kidole changu kilichopinda hakikupinda kwa uzee.

Maji yenyewe mnajua ya Dodoma. Madumu yalikokotwa na kamati nzima, wale wale kumi na wawili. Wapita njia waliniita mpishi wa ukuta. "Leo umempikia nini?" Mwalimu Perpetua alifunga kitambaa kichwani akasugua upande wa kushoto miezi yote hiyo, na hajawahi kukiri kwamba rangi ya maziwa ilikuwa wazo lake.

Fundi alikuja kila asubuhi, akakaa, akasikiliza brashi. Nikiharakisha aliinua fimbo. "Unakimbilia Chemba?"

Siku nilipomaliza, kabla mgeni hajarudi kukagua, nilimshika mkono nikampeleka ukutani. Aliupitia wote kwa viganja, kutoka kona hadi kona, mahali pa juu nikimsogezea kibao. Ilichukua asubuhi nzima. Karibu na mlango, mstari wa tatu kutoka chini, mkono wake ukasimama.

"Hapa umeacha."

Niliinama. Tofali moja, buluu tupu, linang'aa kama siku nilipolipaka. Nililipita vipi, sijui. Nikachukua kijiti.

"Liache," akasema. "Kila kazi iwe na mahali pa kumkumbukia mjinga wake." Kisha akageuka, akakaa, akaegemea ukuta wake ambao sasa ulikuwa mkavu, unakwaruza, kama zamani. Hakusema asante, na mimi sikuondoka tena Dodoma.

Sasa, vijana, lile moja ambalo si kweli. Mnaposimama pale mlangoni mnawaambia wageni kwamba msanifu kutoka ng'ambo aliweka tofali moja la buluu kwa makusudi, liwe ishara ya anga na matumaini ya taifa changa. Wageni hupiga picha. Mmoja alilia. Nilikuwa nyuma yake, nikashindwa kusema.

Endeleeni kulionyesha. Msilipake, na tafadhali msilibandue. Ila wakiuliza aliyeliweka alikuwa na maana gani, waambieni yuko hai, anakaa nyuma ya soko, na anaulizika.